Pasaka Tuliyoikimbia

Makanyagio, Ijumaa Kuu, alasiri

Mwanangu Skolastika,

Sikuulizi hali, kwa kuwa asubuhi tumekunywa uji pamoja, na hali yako naijua kuliko unavyotaka niijue. Mmetoka sasa hivi, wewe na Dani na Nuru, kwenda Njia ya Msalaba. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Kila baada ya mistari michache inanibidi niegemee ukuta nivute pumzi, kwa hiyo utanivumilia mwandiko. Mimi niliyekuchapa darasa la tatu kwa herufi zilizolala, leo zangu zote zimelala.

Habari za safari siandiki. Mabegi umefunga, mumeo amepata chumba Uvinza karibu na karakana anakochomelea mageti, na mdogo wako Beno atahamia hapa na mkewe wanitazame. Yote hayo umeyapanga vizuri, umerithi kwa mama yako. Ninachokuandikia ni siku uliyoichagua kuondoka.

Jumatano ulipokuja na tiketi za Uvinza za kesho alfajiri uliniambia, "Baba, basi la Jumatatu limejaa." Nikasema sawa. Jana mchana ulikuwa unafua nyuma ya nyumba, dirisha langu likiwa wazi, ukawa unaongea na mumeo kwenye simu. Sikutega sikio, ila mtu asiyeweza kuinuka upesi husikia mengi.

Ulisema, "Nikae hapa Jumapili nifanye nini? Mtaa mzima wameshonewa, mpaka watoto wa yule muuza mkaa. Wa kwangu watoke na nini? Na sare za shule? Waambiwe wageuke, watu wacheke mjukuu wa mwalimu? Bora tuwe ugenini. Huko hakuna anayetujua wa kuuliza."

Halafu jioni Dani aliniletea maji ya dawa, akasimama karibu na kiti akinitazama nikimeza.

"Babu, kwani Uvinza Pasaka ni lini?"

"Siku ile ile kama hapa, Dani."

"Mama kasema huko inakuja baadaye. Tukifika ndiyo tutaisubiri."

Nikamrudishia kikombe. Usiku sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kifua. Maneno hayo, Skola, niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, ukiwa na miaka saba. Umeyasema bila kujua umeyatoa wapi. Mimi ninajua.

Unaikumbuka Pasaka ile tuliyokwenda kukaa shambani Ilembo. Najua unaikumbuka kwa sababu uliitaja siku tulipoanua matanga ya mama yako. Ila unaikumbuka jinsi nilivyokulisha mimi. Sasa nataka nikupe ilivyokuwa.

Mwaka ule sikuwashonea nguo. Ulikuwa ukiamini fedha iliingia kwenye mabati ya nyumba hii. Haikuingia kwenye mabati. Nilijishonea kaunda suti. Afisa elimu alikuwa anakuja kutembelea shule, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimefanywa mwalimu mkuu msaidizi, nikaona aibu kusimama mbele yake na suruali iliyopauka magotini. Afisa mwenyewe hakuja. Suti ikabaki sandukuni, na Pasaka ikawa imefika.

Unaujua utaratibu wa mtaa huu, haujabadilika. Misa ikiisha watoto wanapita nyumba hadi nyumba kusalimia, za Wakristo na za Waislamu, na kila mlango kuna mama amesimama na sahani ya biskuti, anasema, "Hee, hebu geuka tukuone na nyuma!" Mtoto anageuka, nguo inakaguliwa mshono, anapewa biskuti, anakwenda mlango wa pili. Ni utani wa upendo tu. Lakini mimi nilimwona kila mama wa Makanyagio kama mkaguzi wa shule, na nyie mkiwa ndilo daftari langu.

Mama yako hakuwa na hofu hiyo. Kwao Kasansa walizaliwa tisa, na hakuna mwaka walioshonewa wote. Bibi yako alikuwa akiwafanyia Pasaka kwa vitu vilivyokuwepo, na ndivyo mama yako alivyotaka kuwafanyia nyie. Wiki tatu kabla alianza kuweka mayai ya kuku wake watatu. Kila siku aliyafukia kwenye kapu la pumba za mpunga, chini ya kitanda chetu, asijue mtu. Maganda ya vitunguu aliyakusanya kwenye mfuko, kwa kuwa ukichemsha yai pamoja nayo linatoka jekundu la kahawia, linang'aa kama limepakwa rangi ya dukani. Alifundishwa na sista mmoja utotoni.

Alhamisi Kuu alinieleza yote, amekaa pale mlangoni anapepeta mchele, na uso wake ulikuwa wa msichana. Mngeamka mapema, mngeoga, mngepakwa mafuta mpaka mng'ae. Jiko la nje lingekuwa kaburi, na ungo ungekuwa lile jiwe la mlangoni. Wewe ungejitanda khanga uwe Maria Magdalena, ukifika uukute ungo umesogezwa, uchungulie ndani, halafu utoke mbio kuzunguka nyumba ukipiga kelele, "Hayumo! Hayumo!" Na sisi wakubwa tungeitikia, "Yuko wapi?" Beno alikuwa na miaka minne, yeye angepiga dumu. Kisha mayai yangekuwa yamefichwa kwenye mahindi yale ya uani, kila mtoto atafute lake. Tungechoma mahindi mabichi na kuchemsha karanga mbichi, maana Pasaka huku kwetu inaangukia wakati wa vitu hivyo na havinunuliwi. Na kabla ya kula, kila mtoto angebeba sahani moja kumpelekea mtu asiye na mtoto nyumbani kwake. Hilo ndilo alilolipenda zaidi. Alisema huko Kasansa yeye alikuwa akimpelekea bibi kizee mmoja asiyeona, na yule bibi alikuwa akimpapasa uso kwanza ndipo apokee sahani.

Nikamcheka.

"Mayai na ungo? Watu watasema mwalimu kawalisha wanawe mayai kama wagonjwa wa wodini. Na wakiambiwa wageuke? Na zile kaptula?"

Akaendelea kupepeta. "Watageuka na yai jekundu mkononi, baba Skola. Nani atatazama kaptula?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mayai yale nisiyaone tena ndani ya nyumba yangu, na kwamba Jumamosi asubuhi tunakwenda wote shamba kuwinga ndege kwenye mpunga, tutarudi Jumatatu. Akaweka ungo chini. Alichukua kapu lake akavuka barabara kwa Mama Zuhura dukani. Wewe ulikuwa umesimama kizingitini ukimtazama akiondoka na mayai.

Jumamosi tulipopita dukani na baiskeli, masufuria yamefungwa nyuma, Mama Zuhura, Mungu amrehemu, alitoka nje mikono kiunoni.

"Mwalimu! Idd mmekula kwangu mpaka mkajilamba vidole, leo zamu yenu mnakimbilia shamba?"

"Ndege, Mama Zuhura. Wanamaliza mpunga."

"Ndege wa Ilembo nao hawana sikukuu?"

Watu barazani wakacheka. Nikakanyaga pedeli.

Jumapili ilinyesha tangu alfajiri. Tulikaa ndani ya kibanda, moshi umetujaa machoni, tunakula ugali na mlenda. Mvua ilipokatika kidogo ulisikika wimbo kutoka kikanisa cha kigangoni, mbali, unakuja na kupotea. Ukainua kichwa.

"Baba, leo si Pasaka?"

"Hapana. Pasaka ni Jumapili ijayo."

Mama yako alikuwa anachochea moto. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. Nilimdanganya mtoto wa miaka saba siku ya Ufufuko, na niliyekuwa nafundisha dini darasa la tatu ni mimi.

Jumatatu tuliporudi wenzako walikuja mbio kabla hatujashusha mizigo, nguo zao mpya zimeshachafuka tope.

"Skola, mlikuwa wapi? Pasaka imepita!"

"Bado," ukawaambia. "Ni Jumapili ijayo."

Walivyocheka! Mmoja akasema, "Nyie Pasaka yenu bado iko jikoni inachemka?" Na mwingine, "Mama Zuhura katupa mayai mekundu, kila mtu moja!" Yule mama alikuwa ameyachemsha na maganda yake ya vitunguu, kama alivyoelekezwa, akawagawia watoto wote waliopita kusalimia. Mtaa mzima ulikula mayai ya mama yako isipokuwa watoto wake.

Ukaja kwangu unalia. Ukaniuliza kwa nini. Hapo nilikuwa na nafasi, Skola. Ingetosha nichuchumae nikwambie, "Baba aliona aibu." Badala yake nilisema, "Muulize mama yako. Ndiye aliyetaka tuwahi ndege."

Ukamgeukia. Ulimwambia, "Mama, wewe mchoyo. Mayai yetu umewapa watu." Alinitazama. Mimi nikainama nikawa nafungua kamba za baiskeli, kamba ambazo zilikuwa zimeshafunguliwa. Akasema, "Sawa, mwanangu. Nenda kaoge." Basi. Hakuongeza neno, si siku ile wala baadaye.

Mwaka uliofuata nilikuwa na fedha, nikaapa hakuna atakayetucheka. Unalikumbuka gauni lile la pinki lenye tabaka tatu. Nilichinja mbuzi, nikanunua soda kreti nzima. Ulikatazwa kukaa chini usilichafue gauni, viatu vilikubana, Beno akatapika soda, na kufikia saa nane mchana nyote mlikuwa mmelala mnanuna. Mimi nilikuwa barazani nikihesabu wageni. Sikumbuki kama siku ile nilizungumza nanyi lolote zaidi ya "angalia nguo." Kuanzia hapo sikukuu yetu ikawa hivyo kila mwaka, na mimi ndiye niliyewafundisha kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Kwa hiyo ukiona aibu leo kwa ajili ya nguo za Dani na Nuru, sikulaumu. Darasa hilo nililifundisha mwenyewe, nawe ulikuwa mwanafunzi msikivu.

Mama yako hakutaka tena kugombana nami. Ndiyo maana kila Pasaka, Misa ikiisha, alikuwa akibeba kapu kwenda kigangoni Ilembo, kwa watoto wa mafundisho. Nyie mkasema anapenda watoto wa watu. Nilikwenda mara moja kumfuata, sikumwambia. Nilisimama nyuma ya mahindi. Watoto kama thelathini walikuwa wanazunguka kile kikanisa cha nyasi wakipiga kelele, "Hayumo! Hayumo!" na mama yako katikati yao, khanga imemdondoka, anaitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Nusu yao walikuwa pekupeku. Hakuna aliyemwambia mwenzake ageuke. Nikarudi nyumbani kabla hajaniona.

Ulikua ukimheshimu, sikatai. Alipougua ulimuuguza kuliko manesi. Lakini kuna mlango uliufunga ukiwa na miaka saba, na alikuwa akiugusa mara kwa mara kuona kama umefunguka. Nilikuwa nikiona. Siku ya harusi yako ulinishukuru mimi kwa maneno mengi mpaka watu wakafuta machozi, yeye ukampa sentensi moja. Na siku ile ya kuanua matanga ulimwambia Beno, nikiwa nimeketi hatua mbili kutoka kwenu, "Mama alikuwa mtu wa watu wa nje. Unakumbuka ile Pasaka?" Beno hakuikumbuka. Mimi niliikumbuka, nikatazama mkeka. Ni mwaka wa tatu sasa.

Kabla hajafa nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia. Alikuwa ameshakonda, anaongea kwa kupumzika, kama mimi sasa. Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nikamwambia nitasema. Akafumba macho. Sijui kama alinisadiki.

Sasa niogope nini, mzee kama mimi? Naogopa mengi. Naogopa utakaposoma mstari huu utakuwa umeshasimama, umekwenda uani, na hutarudi kukaa nami. Naogopa utahesabu miaka yote uliyomnyima mama yako yale uliyonipa mimi, na hesabu hiyo mimi siwezi kuilipa kwa kuwa mwenye haki yake hayupo. Naogopa pia kunyamaza. Daktari alinieleza habari za moyo wangu siku ile ulipotoka kwenda dirisha la dawa, nikamwomba asikwambie. Hakunipa siku. Alisema tu moyo umechoka sana, na nisijipe kazi nzito. Nimejipa hii.

Nisikudanganye tena: ndiyo, nataka mbaki mpaka Jumatatu, na sehemu yake ni kwa ajili yangu. Sijui kama nitafika Pasaka nyingine, na kuku wale wawili wa Nuru wametaga. Lakini sikuombi kwa kisingizio cha kufa kwangu. Ukibaki kwa hilo utakuwa umebaki kwa kunihurumia, na watoto watakuona unanihurumia, na hiyo si Pasaka. Kama tiketi hazibadiliki, au kama baada ya kusoma haya huwezi kuwa nami chini ya paa moja siku mbili zaidi, nendeni. Sitakasirika. Nitakuwa na hofu tu, na hofu nimeizoea.

Mkienda, chemsha mayai uyatie kwenye mfuko. Jumapili mtaamkia kwenye chumba kigeni, hamna jirani anayewajua, na hamtakuwa na ungo. Mfuniko wa ndoo unatosha kuwa jiwe. Nuru sauti anayo, umemsikia anavyoita kuku. Mwambie mumeo asikae kitandani na simu, yeye ndiye wa kuitikia "Yuko wapi?", na aitikie kwa nguvu, hata fundi mwenzake wa chumba cha pili akishangaa. Kisha mtafuteni mpangaji mmoja hapo aliye peke yake, Dani ampelekee sahani, hata kama ni wali mkavu na yai nusu. Mwacheni aende mwenyewe, agonge hodi mwenyewe. Msimfuate kusahihisha anavyosalimia. Mimi ningemfuata.

Na kama mtoto akiuliza kwa nini hana nguo mpya, mwambie hatukuwa na fedha. Sentensi fupi hiyo, Skola. Mimi ningeisema mara moja tu, ningeokoa miaka thelathini. Mtoto anaisikia, ananuna kidogo, halafu anauliza kuna nini cha kula. Kumbe aibu ilikuwa yangu, nyie mlikuwa na njaa tu ya kucheza.

Nimepumzika kidogo. Nilikuwa nimekusudia barua hii niitie kwenye begi lako la bluu, chini ya nguo za Nuru, uikute mkishafika, nami niwe mbali na uso wako. Nimeiandika yote nikifikiria hivyo, na ndiyo maana nimeweza kuiandika. Lakini mama yako alisubiri niseme, hakusema niandike nifiche. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkiingia tu, na sitajifanya nimelala.

Isome hapo mezani, nami nitakaa kwenye kiti hiki nikikutazama. Ukitaka kufoka, foka. Sikio moja bado linasikia vizuri. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Ila ukimaliza, kabla hujaamua lolote juu ya kesho, niitie Dani. Nataka asimame mbele yetu wawili, anisikie mimi babu yake nikimwambia kwamba Pasaka ni keshokutwa.

Geti limelia. Ni nyie.

Baba yako